Gari la mkataba, paa linabanduka: nipige rangi kwanza au nimalizie deni?

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Tanga, Chumbageni. Nina Toyota nyeupe ya mkataba niliyoichukua kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam, mwaka wa tatu sasa. Nasambaza bidhaa kwenye maduka ya dawa Pongwe, Muheza, Pangani mpaka Korogwe. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa nne, na imebaki malipo ya mwisho ya shilingi milioni 6 ili gari liwe langu. Tatizo ni rangi. Paa limeanza kubanduka vipande vipande. Mlango wa nyuma wa kulia una malengelenge na weupe wake haufanani na wa milango mingine. Boneti ina vidonda vya mawe, na bampa ya mbele niliikwaruza mwenyewe getini. Afisa wa kampuni anasema watalikagua na nitakatwa gharama za rangi. Fundi mmoja wa Ngamiani anataka milioni 1.8 alipige lote kabla ya ukaguzi. Nimeulizia, gari kama hili likiwa safi linauzwa milioni 13 hivi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe fundi hiyo pesa sasa, na usikubali kukatwa hata shilingi kabla hujaurudia mkataba wako na kusoma kifungu cha bei ya mwisho. Gari la mkataba si lako mpaka kadi ibadilishwe jina. Ukilipiga rangi leo unatengeneza mali ya mtu kwa pesa yako, na unaufunika ushahidi ambao kesho ungeweza kukutetea. Nimekagua magari mengi yaliyopigwa rangi upesi upesi kabla ya makabidhiano, na karibu kila mara aliyeumia ni yule aliyelipa fundi. Mkaguzi akiona gari zima limepigwa rangi mpya, swali lake la kwanza ni moja tu: kuna nini hapa chini kinachofichwa?

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndizo zitakazokuambia kama rangi ina uzito wowote kwenye mazungumzo yenu.

Mikataba ya namna hii huishia kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, malipo ya mwisho yameandikwa tangu siku mliposaini: milioni 6, basi, liwe limepauka au linang'aa. Katika njia ya pili imeandikwa kwamba utanunua kwa bei ya soko ya siku hiyo, baada ya gari kukaguliwa na kuthaminiwa. Kama wako ni wa njia ya kwanza, rangi mbovu haikupunguzii bei, lakini pia haikuongezei. Kampuni inapokea milioni 6 zake na gari linabaki kwako na ubovu wake. Hapo gharama za rangi zinatoka wapi? Makato ya uchakavu ni ya gari linalorudishwa, kwa sababu kampuni italiuza au italikodisha kwa mwingine. Wewe hulirudishi, unalinunua. Kama mkataba ni wa njia ya pili, mambo yanageuka: kila lengelenge na kila palipobanduka panashusha bei unayopaswa kulipa, na ungelipiga rangi ungekuwa umejipandishia bei mwenyewe.

Msimamo huu sijautunga. Upo mkataba wa kimataifa wa ukodishaji wa mali kwa fedha uliosimamiwa na UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria, na kupitishwa Ottawa, Kanada, mwaka 1988. Unasema mwenye kukodi aitunze mali na kuiweka katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Wajibu wa kuirudisha katika hali hiyo unakuja mkataba unapoisha bila yeye kutumia haki ya kuinunua au kuendelea nayo. Tanzania tuna sheria yetu ya mwaka 2008 inayohusu ukodishaji wa namna hii, na kampuni zinazoufanya kama biashara hupata leseni Benki Kuu. Lakini usikimbilie sheria kabla ya karatasi yako. Mara nyingi kifungu kimoja cha mkataba kinatosha kumaliza ubishi.

Mwandikie afisa huyo ujumbe, barua pepe au hata WhatsApp, mradi ubaki na nakala. Usiandike kwa hasira. Kitu kama hiki kinatosha: "Nakusudia kutumia haki yangu ya kununua gari mkataba utakapoisha. Naomba mnieleze kwa maandishi ni kifungu kipi kinachoniruhusu kukatwa gharama za rangi kwa gari ninalolinunua, na ni sehemu zipi za gari mnazozihesabu. Naomba pia nakala ya ripoti ya hali ya gari ya siku niliyokabidhiwa, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani kama lilitoka huko." Baada ya hapo subiri jibu. Usipige simu kuomba, simu haiachi nakala. Wakikataa kujibu, na kampuni ina leseni, malalamiko yanaanzia kwao kwa maandishi, kisha yanaweza kupelekwa Benki Kuu.

Hiyo karatasi ya mnada watu wengi hawaijui, na inaweza kukuokoa. Magari yaliyotumika Japani mengi hupita kwenye minada, na mkaguzi wa mnada huchora alama juu ya picha ya gari. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi kiasi cha kuacha mawimbi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Ukikuta W2 au W3 kwenye mlango wa nyuma wa kulia, basi mlango huo ulitengenezwa kabla gari halijafika bandarini, na hakuna mtu mwenye haki ya kukudai kwa ajili yake. Hapo hapo angalia alama ya jumla ya gari juu ya karatasi. Ikiwa ni R au RA, gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa.

Kama kampuni itang'ang'ania ukaguzi, nenda na kipimo cha watu waliozoea kazi hii. Uingereza, chama cha kampuni za kukodisha magari kiitwacho BVRLA kina mwongozo wa uchakavu wa kawaida. Mkwaruzo usiozidi milimita 25 hauhesabiwi kuwa uharibifu, kwa kuangalia umri wa gari na kilomita zake, mradi praima, yaani koti la kwanza linalopakwa juu ya chuma, au chuma chenyewe visionekane. Mwongozo huo si sheria ya Tanzania. Lakini mkaguzi anayetaka kukutoza kwa kila kidoti cha jiwe kwenye boneti ya gari linalokwenda Pangani na kurudi, muulize yeye anatumia kipimo gani na kimeandikwa wapi.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Uamuzi wa kununua au kuacha usiufanye kwa kuangalia mng'ao. Uangalie chuma. Rangi inarudi kwa pesa inayojulikana. Chuma kilicholiwa na kutu kwenye paa au kwenye fremu ya kioo hakina bei ya uhakika, hasa huku kwetu pwani ambako upepo wa bahari unabeba chumvi usiku na mchana.

Paa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo. Fungua boneti, au mlango wa dereva, utafute kibati chenye namba ya chesisi na maandishi madogo. Kuna mstari ulioandikwa C/TR, na namba ya kwanza hapo ni ya rangi. Nyeupe ya kawaida ya Toyota ni 040, nyeupe ya lulu ni 070. Nakutajia hizo mbili kwa sababu Marekani Toyota ilifungua mpango maalumu wa kuwatengenezea wateja baadhi ya modeli zenye rangi hizo hizo, baada ya rangi kubanduka kwa mapande. Chanzo walichokieleza ni jua: mwanga ukipenya rangi kwa miaka, unadhoofisha mshikamano kati ya rangi na praima ya kwanza ya kiwandani. Mpango huo ni wa huko, hauligusi gari lililokuja kwetu likiwa limetumika. Faida yake kwako ni hoja. Paa jeupe kubanduka bila kugongwa na bila kukwaruzwa ni ugonjwa unaojulikana kwa rangi hizo, na kukulaumu wewe kwa hilo ni kukuonea.

Lakini usiseme ni ugonjwa wa kiwandani kabla hujapima. Paa lingeweza pia kuwa lilipigwa rangi vibaya na mtu mwingine. Fanya hivi asubuhi, gari likiwa limeoshwa na kukauka. Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na ukingo wa mahali palipobanduka, uangalie kilichobaki chini. Ukiona kijivu laini kilichotulia sawasawa, hiyo ni praima ya kiwandani. Bodi nzima huzamishwa kwenye beseni la praima na kupitishiwa umeme, ndiyo maana inashika hadi kwenye kona ambazo bunduki ya rangi haifiki. Ukiona nyeupe nyingine ya zamani chini ya nyeupe, au alama za msasa, au unga wa puti, ile dawa ya kujazia mabonde ya bati, basi pamewahi kurudiwa. Ukiona chuma kitupu au wekundu wa kutu, muda wako ni mfupi.

Okota na vipande vilivyobanduka, usivitupe. Kipande cha rangi ya kiwandani ni chembamba sana. Cha gari lililorudiwa ni kinene, na ukikigeuza ukingoni unaona matabaka moja juu ya jingine. Viweke kwenye bahasha, andika tarehe na mahali vilipotoka. Siku ya ukaguzi bahasha hiyo itasema zaidi kuliko maneno.

Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda. Chukua kitambaa cheusi cha pamba, weka polishi kidogo, sugua taratibu sehemu ya paa ambayo haijabanduka, upana wa vidole viwili tu. Kitambaa kikitoka na weupe, rangi ya juu haina klia, yaani lile koti la mwisho lisilo na rangi. Nyeupe ya 040 mara nyingi hutoka kiwandani bila klia, kwa hiyo weupe huo ni jambo la kutarajiwa. Kitambaa kikitoka kisafi ilhali namba ya rangi ni 040, shuku kwamba paa lilipigwa upya kwa rangi na klia. Ni dalili, si hukumu, lakini ukiiunganisha na unene wa vipande utapata picha. Kwa 070 jaribio hili halikusaidii, hiyo ina klia siku zote.

Halafu fuata mifereji ya paa kwa kidole, kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma, na ukingo wote wa kioo cha mbele pale mpira unapokutana na chuma. Hapa ndipo kutu ya magari ya pwani inapoanzia. Ukikuta rangi imeinuka kandokando ya mpira, au kuna alama za maji kwenye kitambaa cha dari ndani karibu na vile vibao vya kuzuia jua, kutu imeshaingia chini ya kioo. Kuitengeneza kunataka kioo kitolewe. Kama fundi anakuambia atapiga tu juu kwa juu na kuzungushia karatasi, hajatengeneza kitu. Hali hii, ikiwa imeenea, ndiyo pekee kati ya yote uliyonieleza inayoweza kunifanya nikuambie uliache gari.

Tukitoka kwenye paa twende mlango wa nyuma wa kulia. Weupe tofauti na malengelenge pamoja karibu vinatosha kusema ulirudiwa, ila tunataka kujua ulirudiwa juu ya nini. Tafuta sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze. Ipitishe mlango wa nyuma wa kushoto kwanza ili mkono wako uzoee nguvu ya kawaida, kisha uje huu wa kulia, uanzie juu kushuka chini. Panapoivuta kidogo au haishiki kabisa, chini kuna puti. Ipitishe polepole. Puti nyembamba haidanganyi sumaku sana, nene utaihisi mara moja.

Ukimpata mwenye kipimo cha unene wa rangi, kile kidude kinachosoma mikroni, ni bora zaidi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya 90 na 150. Kipande kilichorudiwa mara moja vizuri husoma 200 na kitu, pengine 300. Kuanzia 500 kupanda, na hasa ikifika 1,000, unasoma puti. Mwambie apime kila mlango sehemu tano au sita na aandike namba, kwa sababu namba moja peke yake haisemi lolote. Bampa asihangaike nayo, ni ya plastiki na vipimo vya kawaida havisomi plastiki.

Fungua mlango huo uangalie bawaba. Kama vichwa vya bolti vimechubuka rangi, mlango uliwahi kung'olewa au kubadilishwa. Vuta mpira wa mlango kwa upole uangalie chini yake kama kuna mstari wa rangi mahali karatasi ya kuziba ilipoishia. Piga picha kila kitu, picha ya mbali kisha ya karibu, na uweke sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.

Malengelenge yenyewe yanatokana na maji au kutu. Maji huingia hivi: fundi anasugua kwa msasa wa maji, anatumia maji ya kisima yenye chumvi, anakausha juu juu, anapiga rangi. Chumvi inabaki chini ya rangi. Rangi haizuii unyevu moja kwa moja, na chumvi ile inauvuta taratibu kupitia humo humo mpaka panavimba. Ndiyo maana mlango unaweza kutoka gereji ukiwa kioo kitupu na malengelenge yakatokea masika inayofuata. Ukilitoboa lengelenge kwa sindano likatoa maji, ni hilo. Likitoa unga wa kahawia, chuma kinaliwa. Lakini usitoboe sasa. Litobolewe mbele ya mkaguzi wa kampuni, au baada ya kadi kuwa na jina lako. Sasa hivi ukigusa, utaambiwa ulichokonoa.

Wakati upo hapo, chuchumaa uangalie ukingo wa chini wa milango yote minne. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Kwa vumbi la barabarani, na ile njia ya Pongwe yenye saruji hewani, vitundu hivyo huziba na mlango unakaa na maji tumboni. Vizibue kwa kijiti. Hayo ni matunzo ya kawaida, hayahitaji ruhusa ya mtu.

Kwa kuwa nimeitaja Pongwe: vumbi la saruji lina asili ya chokaa, na likikutana na umande wa alfajiri linashika na kuichoma rangi. Kosa wanaloliona kila siku watu wa huko na kulizoea ni kulifuta likiwa kavu. Unasugua mchanga kwenye rangi. Mwagia maji mengi kwanza, kisha sifongo na shampuu ya gari, wala si sabuni ya unga ya kufulia. Palipogandia kabisa, siki nyeupe iliyochanganywa na maji inalegeza, na usuuze hapo hapo.

Boneti na bampa nitayapita haraka. Vidonda vya mawe ni uchakavu wa kawaida wa gari la safari. Pitisha ukucha juu ya kila kidonda au mkwaruzo. Ukucha usiponasa, hilo ni jambo la polishi. Ukinasa, umepita koti la juu na polishi haitaondoa. Vidonda vilivyofika chuma vidondolee rangi ya kuzibia kwa kijiti, wala usikubali boneti nzima ipigwe kwa ajili hiyo. Bampa ni ya kwako, umesema mwenyewe. Wakikuuliza, kubali. Ukikubali lililo lako, utaaminika zaidi utakapokataa lisilo lako. Lakini hata hilo, kama unanunua kwa bei iliyoandikwa, ni bampa unayojinunulia.

Kuhusu bima. Magari ya mkataba kwa kawaida huwa na bima kubwa, na mara nyingi jina la kampuni limo kama mwenye maslahi. Kama kuna jeraha lililotokana na ajali yenye tarehe, lilete kwa mwenye bima kabla umiliki haujahama, kwa sababu bima ya zamani isiyorekebishwa inaweza kugoma baada ya jina kubadilika. Rangi kubanduka, kupauka na kutu, bima haivilipi. Usipoteze wiki zako huko.

Sasa hesabu. Pesa ulizolipa miaka hii mitatu zimekwenda na zilikupa kazi, usizirudishe kwenye mizani. Leo unachoamua ni hiki: utoe milioni 6 upate gari ambalo likiwa safi lina thamani ya milioni 13 hivi, huku likihitaji paa na mlango kutengenezwa inavyotakiwa, na pengine mambo mengine ya injini na miguu ambayo fundi makanika lazima ayaangalie kabla hujalipa. Kama ukingo wa kioo na mifereji ya paa iko salama, mimi ningenunua, hata kama kutengeneza paa na mlango vizuri kungegharimu zaidi ya hiyo milioni 1.8 ya gari zima. Bei hiyo ya gari zima ndiyo inayonifanya nisimwamini fundi wako. Paa linalobanduka linatakiwa kusuguliwa lote mpaka mahali rangi inaposhika kweli kweli. Akipiga nyeupe mpya juu ya nyeupe isiyoshika, zote mbili zitaondoka pamoja.

Kuna jambo la msimu. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi wa nne, katikati ya masika. Praima ya kijivu ya kiwandani inazuia kutu, lakini haikutengenezwa kukaa juani. Ikiwa wazi inageuka unga na kuachia. Kwa hiyo usiliache paa hivyo miezi mingi, ila pia usilipige rangi ya mwisho kwenye uwanja wa wazi mvua zikiwa zimetanda. Omba kampuni ikuruhusu kwa maandishi uzibe sehemu zilizobanduka kwa praima ya epoksi sasa hivi, kabla ya mvua, bila kugusa sehemu nyingine na baada ya picha kupigwa. Ni kazi ndogo na ya bei ndogo, na ni vigumu mtu mwenye nia njema kuikataa, maana gari bado ni lake na unamlindia. Wakikataa, funika paa gari linapolala, hata kwa turubai lenye kitambaa laini ndani, na lisiwe chini ya mwembe. Utomvu wa mwembe na kinyesi cha kunguru vinachoma rangi kuliko jua.

Siku ya kulipa, pesa iende benki kwenye akaunti ya kampuni, upate risiti, barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, na nyaraka za kuhamisha umiliki TRA. Barua hiyo iseme wazi kwamba hakuna dai lolote la hali ya gari. Rangi ibaki nyeupe. Kadi ya gari ina rangi yake, ukibadilisha inabidi utoe taarifa.

Kadi ikishatoka na jina lako, ndipo uongee na mafundi, na uwaulize maswali ukiwa umesimama kwenye gereji yao, usiulize kwa simu. Maji ya kusugulia wanayatoa wapi? Wakisema kisimani, peleka madumu yako ya maji ya bomba, na mwisho mlango ufutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta na uachwe ukauke kabisa. Wanatumia rangi ya hadina, yaani inayochanganywa na dawa ya kuikomaza, au ya thina tupu? Hii ya pili inang'aa siku ya kwanza na kupauka mapema, na ikipigwa hewa ikiwa na unyevu inaingia ukungu mweupe. Kipimo cha mafundi wazuri ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande hutunga. Kwa Tanga bila oveni, maana yake si alfajiri wala jioni. Ni kuanzia saa nne hivi asubuhi, siku kavu, chini ya kivuli kilichozibwa vumbi, kuanzia mwezi wa sita masika yakishapita, na siku ambayo upepo wa kusi umetulia.

Mlango, mwambie autoe puti yote mpaka chuma kionekane, na uende kukiona kabla hajaweka praima. Kama anaona vibaya ukija kuona, tafuta mwingine. Ukikuta umeliwa chini, mlango mzima uliotumika wenye rangi ile ile ya 040 au 070 unaweza kuwa nafuu kuliko kuunga mabati. Rangi mpya ikishakauka, osha kwa maji matupu na shampuu tu, usipake nta yoyote kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu bado inatoa hewa ya thina chini kwa chini na nta itaifungia ndani.